Nakunywa ili nilale, saa tisa usiku niko macho. Pombe inaondoa mawazo au inayaongeza?

MamaNyemo_Ilala

Habari zenu wanajamvi, hasa kina mama wenzangu. Nasoma humu siku nyingi bila kuchangia, leo nimeamua kuuliza kwa sababu sina wa kumuuliza uso kwa uso.

Nina miaka 41, watoto wawili, nauza mitumba ya watoto pale Karume. Wanaonijua tangu zamani wanakumbuka nilikuwa na meza mbili na binti wa kunisaidia. Januari 2022 soko lilipoungua, ile Jumapili, sikuokoa hata soksi. Kulikuwa na mabelo matatu hayajakatwa kamba, na moja nilikuwa nimelichukua kwa mali kauli, kwa hiyo liliungua likiwa bado deni.

Tangu hapo naishi kwa mikopo. Kikoba kwanza, kikoba kikazidiwa, nikaingia kausha damu. Aliyepita huko anajua: unaandikishwa laki tano, mkononi unapewa laki nne na kitu, marejesho kila jioni, kijana anakuja mpaka mezani na daftari lake na wateja wamesimama. Ukilaza siku moja, faini. Sasa hivi narejesha sehemu tatu, na huo wa tatu niliuchukua ili nipunguze wa pili. Mume wangu ni dereva wa malori ya Kongo. Akikwama foleni ya Kasumbalesa wiki nzima inaisha hajavuka. Anatuma anachopata. Mkopo mmoja anaujua, miwili haijui.

Pombe ilianza na bia moja ya baridi na wenzangu tukishafunga hesabu. Bia ikawa gharama, halafu inaonekana. Siku hizi napitia duka la kona nanunua kichupa cha pombe kali, kile bapa cha mililita 200, nakisokomeza katikati ya nguo kwenye mfuko. Watoto wakishalala, kama saa nne hivi, namimina kwenye kikombe cha plastiki na soda ya tangawizi. Hazipiti dakika ishirini mabega yanashuka, taya inaachia. Mchana kutwa sijui kuwa nimeng'ata meno mpaka hapo yanapoachia. Napata hata moyo wa kuona kwamba nitalipa. Nalala fofofo.

Shida ni saa tisa usiku. Naamka ghafla, moyo unaenda mbio, shingo imelowa jasho, na madeni yananijia moja moja kwa jina na kiasi. Silali tena mpaka kunakucha. Mchana nina hasira za karibu, juzi nimemfokea mama wa watu kwa kupangua nguo tu, na kupangua ndiyo mitumba yenyewe. Jioni ninakuwa nimechoka kuliko jana, na ninachowaza ni kile kikombe.

Naomba kujua. Hivi pombe inapunguza mawazo kweli, au inanidanganya? Kwa nini mume wangu akiwa nyumbani anakunywa bia nne, analala, anaamka mzima, na mimi kichupa kimoja kinanifanya hivi? Na kwa nini mwaka juzi nusu ya kichupa ilinitosha na sasa hata kizima naona kama bado?

Wengi pale sokoni tunakunywa, ila tunakunywa kwa kujifungia. Mwanaume akilewa wanasema kapunguza uchovu, mwanamke akionekana na chupa jina linachafuka mtaa mzima. Mimi naimba kwaya. Naomba mnisaidie bila matusi.

Baba_Tulia

Pole sana dada yangu. Ushauri wangu ni mmoja, leo hii mwaga kilichobaki na usiguse tena. Mimi niliacha sigara hivyohivyo asubuhi moja na sijarudi. Kunywa maji mengi, sali, lala mapema. Pombe haijawahi kumlipia mtu deni. Mungu akutie nguvu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Pole mdogo wangu, na asante kwa kueleza bila kuficha. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, hospitali ya mkoa, nje ya Dar. Wanawake wa aina yako tunawaona kila kliniki, ila wengi hawaji kwa kusema "nakunywa". Wanakuja kwa presha, kwa vidonda vya tumbo, kwa kukosa usingizi. Pombe inajitokeza mwishoni kabisa, akiwa ameshashika mkoba anataka kuondoka.

Nianze na kaka hapo juu. Nia yake ni njema na kwa sigara amefanya vizuri, lakini kwa pombe ushauri huo unaweza kumdhuru mtu. Aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu, mwili wake umeshajipanga kuishi na pombe. Ukiiondoa ghafla unaweza kupata kutetemeka, jasho, kutapika, moyo kwenda mbio, na kwa baadhi ya watu degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Wengine kati ya siku ya pili na ya nne wanachanganyikiwa kabisa, wanaona vitu ambavyo havipo, homa inapanda. Hiyo inaua. Kwa hiyo, MamaNyemo, kabla hujamwaga chochote nijibu: asubuhi kabla ya kunywa chai mikono inatetemeka? Umewahi kunywa asubuhi kuzimua ili uweze kufanya kazi? Umewahi kuanguka degedege? Nitasubiri jibu.

Sasa maswali yako.

Pombe inapunguza mawazo kweli, hujajidanganya. Kwenye ubongo kuna kemikali ya kutuliza, inaitwa GABA, na kuna ya kuamsha, glutamati. Pombe inaipa nguvu ile ya kwanza na kuikandamiza ya pili. Ndiyo maana taya inaachia. Lakini ubongo haukubali kukandamizwa kila usiku, nao unaongeza nguvu upande wa kuamsha ili mambo yawe sawa. Pombe ikishaondoka, zile nguvu za ziada zinabaki peke yake.

Tupige hesabu ya saa tisa yako. Kichupa cha mililita 200 kikiwa na kilevi asilimia 35, angalia lebo, kina pombe halisi gramu 55 hivi. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina gramu 20. Kwa hiyo kila usiku unakunywa karibu bia kubwa tatu, ila kwa vile kichupa kinaingia kwenye mkoba hazionekani kama tatu. Ini linasafisha takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa. Umekunywa saa nne. Hesabu masaa matano, utafika saa tisa. Ndipo pombe inapokaribia kwisha mwilini, na ndipo ubongo ulioamshwa unapobaki bila kizuizi. Usingizi wa mwanzo wa usiku ulikuwa mzito, na usingizi wa ndoto ulikandamizwa. Nusu ya pili unakatikakatika. Pombe yenyewe pia inasukuma mwili kutoa kotisoli, ile homoni ya msongo. Wewe ulikunywa ili uishushe.

Umezungumzia kausha damu, nami sioni mfano mwingine unaofaa zaidi: unapewa utulivu usiku huu, kesho unaurudisha na riba, na riba ikikuzidi unakopa tena palepale.

Kuhusu mume wako. Mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanaume kwa uzito uleule, na pombe inajichanganya kwenye maji, siyo kwenye mafuta. Mkinywa sawasawa, damu yako inakuwa na kilevi zaidi. Tena kile kimeng'enya kinachoanza kuivunja pombe tumboni kabla haijafika kwenye damu, kwa wanawake kwa kawaida ni kidogo. Ndiyo maana ini la mwanamke linaharibika kwa pombe kidogo zaidi na kwa miaka michache zaidi. Na kuna jambo ambalo siku zote nalisema kwa sauti kubwa kliniki kwa sababu halisemwi: pombe inaongeza hatari ya saratani ya matiti, hata kwa wanaokunywa kidogo. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988. Hata hivyo usidhani mumeo anaamka mzima. Analala mzima, labda. Bia nne ni gramu 80.

Kwa nini nusu ilitosha na sasa kizima hakitoshi: ni ule ubongo unaojipanga. Na kwa wanawake safari kutoka bia ya kwanza mpaka tatizo kamili mara nyingi ni fupi kuliko ya wanaume. Tunaliona hilo wodini, na watafiti nao wameliandika.

Kuna utafiti wa chuo kikuu cha Arizona State, Marekani, uliotoka 2022, ambao huwa nauhadithia wanafunzi wangu. Walitengeneza chumba kama baa, kuna kaunta na mhudumu. Wanawake na wanaume wakagawanywa: wengine walipewa kazi ya kuwatia msongo kwanza, wengine hawakupewa. Kisha wengine wakapewa kinywaji chenye pombe, wengine kisicho na pombe bila kujua. Halafu wakaruhusiwa kunywa watakavyo. Wanaume waliotiwa msongo walishindwa kujizuia pale ambapo kinywaji cha kwanza kilikuwa na pombe kweli. Kwa wanawake ule msongo peke yake ulitosha. Siyo kwamba sisi ni dhaifu. Maana yake ni kwamba kumwambia mwanamke "jizuie" huku msongo umemkalia palepale ni kumpa kazi nusu.

Jambo la mwisho kwa leo. Jasho la usiku na moyo kwenda mbio ukiwa na miaka 41 vinaweza kuwa na sababu nyingine pia: hedhi inayokaribia kukoma, tezi ya shingo, kifua kikuu, upungufu wa damu. Upimwe, usibandike kila kitu kwenye kichupa.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali kumi linaitwa AUDIT. Ukitafuta kwa jina hilo utalipata. Jaza kwa ukweli ukiwa peke yako, jumla ni kati ya 0 na 40. Kuanzia 8 ni dalili kwamba unywaji una hatari. Niambie umepata ngapi kama hutajali.

Atieno_Nakuru

MamaNyemo, pole sana mami. Ninaandika kutoka Nakuru, mimi ni mwalimu wa shule ya upili. Kisa changu hakina soko lililoungua, lakini saa tisa yako naijua.

Mamangu alipata kiharusi nikamleta kwangu. Ndugu zangu wa kiume wanatuma pesa, nashukuru, lakini kumgeuza kitandani, kumuosha, kumlisha, hiyo iliachiwa mimi kwa sababu ndiye msichana. Nikitoka kazini nilikuwa naegesha gari nje ya geti nakunywa divai kutoka kwa chupa ya maji, ndio niweze kuingia nyumbani nikitabasamu. Hakuna mtu alishuku. Kwa grupu ya WhatsApp ya kina mama kila Ijumaa ni picha za glasi za divai, "mama anahitaji hii", kila mtu anacheka. Hapo ndipo nilikuwa najificha, mahali peupe kabisa.

Kitu kilinisaidia si kuambiwa pombe ni mbaya, hiyo nilikuwa najua. Mshauri aliniuliza kitu kimoja: kabla ya kufungua chupa, nini kimetokea saa ile ya mwisho? Nikaandika kwa daftari wiki kadhaa. Ikaonekana si kazi, si wanafunzi. Ni ile nusu saa kabla ya kumwogesha mama. Basi tukapanga hiyo nusu saa. Tulitafuta mama mmoja jirani akawa anakuja jioni kumwogesha na mimi, tukiwa wawili, na ndugu zangu wakakubali kumlipa. Hamu ya divai haikuisha siku hiyo, lakini ilipunguza makali. Nikajiunga na kundi la wanawake tunaokutana Jumamosi, hatutajani majina nje.

Sasa wewe jiulize saa yako ni gani. Nikisoma ulivyoandika naona ni huyo kijana wa daftari. Anakuja saa ngapi? Unatoka hapo ukienda wapi?

Kwa Wakenya wanaosoma, NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini ya bure, 1192. Niliipigia usiku mmoja nikiwa hapo kwa gari.

Bibi_Kibosho

Wanangu, mimi nimelelewa na pombe. Mama yangu alipika mbege, nikapika mimi, ada zenu zimelipwa na mbege. Ndizi mbivu, ulezi, gome la msesewa, unaonja na kukadiria mpaka iwe sawa. Mwanamke ndiye aliyejua kuitengeneza na mwanamke ndiye aliyeiuza, kwa hiyo msiniambie pombe ni mambo ya wanaume.

Lakini ilinywewa mchana, uwanjani, kwenye kata, watu wakitazamana. Mtu akizidisha alionekana, mume au shemeji au jirani akamwambia "leo basi". Sisemi hakukuwa na walevi, walikuwepo, na wake zao nilikuwa nawaona wanavyoumia. Ninachosema ni kwamba hii ya kujifungia chumbani na pombe kali, mama peke yake na kikombe, hakuna wa kumwambia leo basi. Hiyo ndiyo inayonitisha. Mwambie mtu mmoja, mwanangu. Siyo kwaya nzima, mmoja tu.

Afisa_Kata

Nachangia upande wa mikopo, kwa kuwa mimi ni afisa maendeleo ya jamii kwenye kata na hawa kina mama napokea simu zao.

Moja, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mtu au kampuni inayokopesha kama biashara lazima iwe na leseni. MamaNyemo, kwa kila mkopo mmoja kati ya hiyo mitatu uliza namba ya leseni na omba nakala ya mkataba wako. Wengi hawana mkataba mkononi, wanalipa kwa maneno na daftari la mkopeshaji. Ukiona hakuna leseni wala mkataba, usiende kugombana nao, njoo ofisi ya kata au dawati la halmashauri na ushahidi wa miamala ya simu. Kubeba godoro na televisheni ya mtu bila amri yoyote siyo utaratibu, hata kama anadaiwa.

Mbili, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa wanawake ni ya vikundi, siyo ya mtu mmoja, na foleni ipo, sitakudanganya kwamba utapata mwezi huu. Lakini wewe una kikoba, una wenzako mnaofahamiana, tayari una nusu ya kinachotakiwa.

Tatu, mkopo wa nne usichukue. Hata ule wa kumalizia wa tatu.

MamaNyemo_Ilala

Jamani. Nimesoma yote nikiwa mezani, nikajifanya napanga mashati.

Dada nesi, nimejaza lile dodoso, nimepata 18. Swali la kujisikia vibaya baada ya kunywa nimeweka kila siku. Kunywa asubuhi sijawahi. Degedege sijawahi. Ila mikono, ndiyo, inatetemeka. Nikihesabu chenji asubuhi nabana noti kwenye meza na kiganja ili mteja asione. Ikifika saa nne inatulia yenyewe. Nilidhani ni njaa.

Atieno, huyo kijana anapita saa kumi na moja jioni. Nikishamlipa nakusanya mali, naondoka kwa miguu kupitia ile barabara yenye duka. Sikuwahi kuona kwamba hivi vitu viwili vimeshikana. Hata siku mauzo yakiwa mazuri, akishafunga daftari lake mimi kiu inaanza.

Nina hofu tatu. Kwetu ni Dodoma, na mtu akisema Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, kila mtu anajua anamaanisha nini. Nikienda kitengo cha akili, je, nitaandikwa kichaa? Ya pili, wataniambia sifai kulea watoto? Ya tatu, nina vidonge vya usingizi, niliuziwa duka la dawa bila cheti, vimebaki sita. Nilikuwa nafikiri niache pombe nitumie hivyo.

Na Bibi, ahsante. Nimemwambia mdogo wangu wa kike. Hakushangaa.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Umefanya kazi kubwa, mdogo wangu. Nianze na la tatu kwa sababu ndilo la haraka. Hivyo vidonge usivimeze siku uliyokunywa, hata kimoja, hata kama masaa yamepita. Pombe na dawa nyingi za usingizi zinakandamiza kupumua kwa njia moja, na vikikutana mtu anaweza kulala asiamke. Vibebe uende navyo kliniki, waone ni dawa gani. Baadhi ya dawa za jamii hiyo ndizo tunazotumia kumtoa mtu kwenye pombe salama, lakini kwa dozi inayopungua siku hadi siku na mtu akiangaliwa. Ukijipa mwenyewe, unaweza kutoka shimo moja ukaingia jingine.

Mikono inayotetemeka asubuhi siyo njaa. Ni mwili unaodai pombe. Inatulia yenyewe na hujawahi kunywa asubuhi, hiyo ni dalili nzuri, ila inatosha mimi kukuambia usiache ghafla peke yako. Mpaka utakapoonwa, usiongeze, na ukiweza punguza taratibu. Pima kwa kifuniko, siyo kwa jicho. Kula chakula kizito kabla hujatoka sokoni, kwa sababu tumbo tupu linaipeleka pombe kwenye damu kwa kasi. Kama siku yoyote umepitisha bila kunywa ukaanza kutetemeka mwili mzima, kutapika, kuona vitu au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura, mdogo wako akupeleke hospitali usiku huohuo na aseme wazi kwamba wewe hunywa kila siku. Wasipojua wanaweza kukutibu malaria.

Alama 18 kwa mpangilio wa dodoso lile iko kwenye eneo la 16 hadi 19: unahitaji ushauri na kufuatiliwa, siyo kuonywa tu. Kuanzia 20 ndipo tunashuku utegemezi zaidi na kupima kwa kina. Lakini kwa ile mikono, mimi ningekupima kwa kina hata kwa 18.

Kuhusu kuandikwa kichaa. Hakuna anayekupa jina hilo. Kwenye faili kutaandikwa tatizo la matumizi ya pombe, na pengine sonona au wasiwasi kama vipo, na faili lako ni siri kama la mtu mwenye presha. Nakuuliza pia, na humu usijibu: je, unapoamka saa tisa umewahi kuwaza heri usingekuwepo? Kama ndiyo, hilo liwe la kwanza kumwambia mhudumu, kabla ya pombe. Sonona na pombe vinalishana, na kwa wanawake wengi ninaowahudumia sonona ndiyo ilitangulia. Wengine ilitangulia ngumi ya mtu wa nyumbani. Tunauliza yote, kwa utaratibu, na hatumwambii mume.

Watoto: mama anayekuja mwenyewe kutafuta matibabu hatumwoni kama hafai kulea. Sijaona mtoto akichukuliwa kwa mama kwa sababu hiyo katika miaka yangu ya kazi.

Huna haja ya kwenda mbali. Wewe uko Ilala, Amana ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, na hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Uliza siku za kliniki kwa sababu zinatofautiana. Dirisha la mapokezi huhitaji kujieleza, sema "nahitaji kuonana na mtu wa afya ya akili", inatosha. Ukiingia ndani ndipo useme kila kitu, pamoja na mililita. Mara nyingi watakupima ini, damu na presha, na watakupa vitamini B1, kwa sababu pombe inaimaliza na upungufu wake unaharibu kumbukumbu na mishipa.

Na ile barabara ya duka. Mpaka uonwe, jioni mwambie mdogo wako aje akuchukue mezani saa kumi na moja, kijana akiwa bado yupo. Mpite njia nyingine. Kama hawezi kila siku, aje zile siku ambazo marejesho hayajatimia, hizo ndizo nzito.

MamaNyemo_Ilala

Mdogo wangu kasema anaweza Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku nyingine yuko zamu. Vidonge nimempa yeye avitunze. Kesho napita Amana kuuliza siku ya kliniki kabla ya kufungua meza, na ile mikataba nimeanza kuidai, mmoja kanipa, wawili bado. Afisa Kata, nitakutafuta kwa ujumbe wa pembeni.